Kuta za bodi za faiba: dalili za ubovu, chanzo chake na namna ya kuzirekebisha

Bodi za saruji na nyuzi, ambazo mafundi wengi wamezoea kuziita faiba, haziozi, haziliwi na mchwa wala haziwaki moto. Mwenye nyumba akisikia hayo matatu huona kazi imekwisha. Lakini bodi hii ni saruji, mchanga uliosagwa na nyuzi za mti zilizoshindiliwa tabaka juu ya tabaka, na nyuzi hizo hunywa maji kupitia kila ukingo uliokatwa ukaachwa bila rangi. Malalamiko mengi yanayotoka kwenye nyumba zilizovikwa faiba, iwe ni ghorofa ya juu Kampala, pembe za paa Mbarara au chumba cha kontena Arua, yanaishia sehemu mbili: ukingo mtupu, au mbao zilizofichwa nyuma ya bodi. Bodi yenyewe hulaumiwa mara nyingi kuliko inavyostahili.

Mwongozo huu unaanza na dalili. Chini ya kila dalili, vyanzo vimepangwa kuanzia kile kinachotokea zaidi, kwa hiyo usiruke cha kwanza kwa sababu ni cha kawaida. Vifaa vya ukaguzi ni bisibisi bapa, uzi, pima maji, tochi, futi, chaki na kopo la maji. Wakati mzuri wa kukagua ni asubuhi ya jua baada ya usiku wa mvua: ukuta mzima ukishaanza kukauka, sehemu inayoshika maji hubaki nyeusi. Izungushie chaki kabla haijatoweka.

Kabla hujagusa ukuta

Kwanza, hakikisha ni faiba ya leo. Bodi na mabati ya saruji ya zamani, hasa kwenye nyumba za serikali na za reli zilizojengwa miongo mingi iliyopita, mara nyingi yalikuwa na asbesto, na kwa macho huwezi kuyatofautisha na ya sasa. Kama hujui umri wa bodi na haina chapa yoyote nyuma, usiikate, usiitoboe, usiipige msasa wala kuisugua kwa brashi ya waya. Acha kazi hapo na utafute mtaalamu wa kuipima. Bodi mpya nyingi zina alama ya NT, maana yake zimetengenezwa bila asbesto.

Pili, vumbi. Bodi yenye alama ya NT haina asbesto lakini ina silika, madini ya mchanga, na vumbi la silika likivutwa mwaka hadi mwaka huacha makovu kwenye mapafu ambayo hayana tiba. Grainda ikikata faiba kavu hutoa wingu jeupe. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Katia nje, upepo ukitokea mgongoni kwako, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, ya daraja la FFP2 au zaidi, na watoto wakae mbali. Kwa bodi ya milimita 6 hadi 8 kuna njia tulivu zaidi: weka rula ya chuma, kwaruza uso kwa kisu chenye ncha ngumu mara nne au tano hadi kina cha theluthi moja, kisha vunja kuelekea nyuma. Hakuna kelele, na vumbi ni dogo mno. Unga ulioanguka uloweshe kwanza ndipo ufagie.

Tatu, umeme. Zima swichi kuu kabla ya kutoboa au kung'oa bodi, maana nyaya mara nyingi hupita nyuma yake.

Dalili ya 1: ukingo wa chini umevimba na kufunguka kurasa

Hii ndiyo inayoongoza. Safu ya chini inaanza kunenepa, rangi inapasuka kwenye pindo, halafu bodi inaachana tabaka kwa tabaka kama daftari lililonyeshewa. Bonyeza kwa bisibisi: bodi nzima hurudisha sauti kavu na ncha haiingii, iliyoharibika hubonyea na kutoa unga mbichi wa kijivu.

*Bodi iko karibu mno na ardhi.* Pindo la chini linatakiwa liwe juu ya udongo kwa milimita 150, karibu urefu wa biro, na juu ya sakafu ya baraza au zege kwa milimita 50. Mara nyingi fundi wa kwanza alilitimiza hilo. Aliyeharibu ni wa pili: kiwanja kikamwagiwa marramu, kikatandikwa pevazi, au mama mwenye nyumba akainua kitalu cha maua hadi ukutani, na nafasi ikabaki vidole viwili. Pima leo, usitegemee vipimo vya siku nyumba ilipokabidhiwa.

*Paa halina gata.* Maji ya paa yakianguka juu ya udongo mwekundu hurukia ukutani. Utaona mkanda wa rangi ya matofali wenye kimo kisichobadilika kuzunguka nyumba. Mahali penye mkanda huo ndipo bodi inapolowa kila mvua, na katika ukanda wa ziwa Viktoria mvua haina haya: Machi hadi Mei, kisha tena Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba.

*Ukingo uliokatwa haukupakwa.* Bodi ikitoka kiwandani kingo zake mara nyingi huwa zimefungwa au zina praima, rangi ya kwanza ya kuziba vinyweleo. Fundi anapoikata ili ikae sawa, anafungua nyuzi. Jaribu: dondosha matone ya maji kwenye ukingo. Yakinyonywa na kuacha weusi ndani ya dakika moja, ukingo uko mtupu.

*Bodi si ya nje.* Kuna bodi za dari za milimita 4 na nyingine za ndani zinazouzwa bei nafuu, na mwenye duka hatakuuliza unakwenda kuziweka wapi. Chini ya kiwango cha Ulaya cha bodi hizi, EN 12467, daraja A na B ni za nje. C ni ya ndani. Kama pakiti imeandikwa C, au haikuandikwa kitu na bodi inapinda kama kadibodi ukiishika ncha mbili, hakuna rangi itakayoiokoa ukutani.

Marekebisho yafuate mpangilio huohuo. Punguza udongo hadi nafasi irudi milimita 150. Kama kiwanja hakiruhusu, chimba mtaro wa upana wa milimita 300 kando ya ukuta, upe mteremko wa kutoka nyumbani, ujaze kokoto. Kokoto huvunja nguvu ya matone. Funga gata. Halafu subiri. Bodi iliyovimba inahitaji wiki mbili au zaidi za jua kabla hujaamua lolote. Ikikauka na uharibifu ukawa ndani ya milimita 20 za mwisho, kata mstari ulionyooka kwa kuongozwa na rula, ondoa sehemu mbovu, na paka ukingo mpya praima mara mbili, ukiisukuma brashi kutoka chini. Uharibifu ukipanda zaidi ya hapo, badilisha bodi. Hatua ziko mwishoni.

Acha na uite fundi mkuu au mhandisi kama ncha ya bisibisi inazama kwenye mhimili wa chini wa mbao nyuma ya bodi, au ukikuta vijia vya udongo vya mchwa vinavyopanda kutoka kwenye msingi. Mchwa hawali faiba, lakini wanaipenda sana kama pazia: wanapita nyuma yake wakila mbao za kalitunsi (mkaratusi) zisizotiwa dawa, na ukuta unaonekana mzima hadi siku unapoegemewa.

Dalili ya 2: rangi inafanya malengelenge au kubanduka

Anza kwa kuangalia inabanduka wapi. Ikibanduka kwenye kingo na kuzunguka misumari, maji yanatoka ndani ya bodi. Ikibanduka mabaka makubwa katikati ya uso, kosa ni la upakaji.

Chanzo kinachojirudia hapa ni rangi ya mafuta. Wenye nyumba wanaipenda kwa sababu inang'aa na kuoshwa kirahisi, lakini saruji ni ya alikali, na alikali huigeuza mafuta ya rangi kuwa kitu kama sabuni. Ndiyo maana rangi hiyo hubaki ikinata, kisha hutoka kama ganda. Faiba inataka praima inayostahimili alikali na juu yake rangi ya akriliki ya maji ya nje, mara mbili.

Baada ya hapo kuna vumbi. Bodi iliyokaa wazi msimu wa kiangazi kando ya barabara ya marramu ina tabaka la unga ambalo jicho halilioni. Pitisha kiganja: kikitoka na weupe au wekundu, rangi itashika unga, haitashika bodi. Osha kwa maji na brashi laini, acha ikauke siku mbili za jua.

Kuchelewa nako ni chanzo. Bodi zenye praima ya kiwandani hazikuumbwa kukaa hivyo mwaka mzima zikisubiri pesa ya rangi. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha siku 180 tangu kufungwa, na kwa bodi tupu siku 90. Kama pesa inakuja kwa awamu, ni afadhali kununua bodi kwa awamu pia.

Na mwisho kabisa, unyevu wa nyuma. Ukifuta rangi, ukapaka upya kwa utaratibu, na malengelenge yakarudi mahali palepale ndani ya msimu mmoja wa mvua, usinunue rangi nyingine. Nenda dalili ya 5.

Kukarabati: kwangua iliyolegea, lowesha kisha piga msasa wa maji kwenye kingo za mabaka, osha, kausha, praima, akriliki mara mbili. Ukuta wa Gulu au Lira una msimu mrefu wa kiangazi wa kufanyia kazi hii, Desemba hadi Machi. Kabale ina ukungu wa asubuhi na usiku wa baridi, kwa hiyo huko usianze kabla jua halijagusa ukuta, na uache kupaka mapema alasiri ili rangi ishike kabla ya umande.

Dalili ya 3: nyufa

Ufa una lugha yake. Angalia unaanzia wapi.

*Unaanzia kwenye msumari na kukimbilia ukingoni.* Msumari uko karibu mno na mwisho wa bodi. Kutoka ncha ya bodi acha angalau milimita 10, kutoka ukingo wa juu milimita 20 hadi 25, na kwenye pembe za bodi kubwa acha milimita 50. Karibu na ncha, toboa kwanza kwa drili. Msumari wa mabati wenye kofia pana ya mwavuli haufai hapa, unapasua.

*Kofia ya msumari imezama.* Nyundo nzito au mashine ya upepo iliyofunguliwa sana huivunja ngozi ya bodi, na nguvu ya kushika inapotea. Kofia inatakiwa ilingane na uso, basi. Iliyozama izibwe na mwingine upigwe kando kwa umbali wa vidole viwili.

*Ufa wa wima katikati ya bodi, hauna msumari.* Papi (mbao nyembamba zinazoshikilia bodi) au nguzo za fremu zimeachana mno. Kwa bodi za milimita 8 umbali wa kawaida ni milimita 400, na watengenezaji wengi hawaruhusu kuzidi 600. Gonga kwa kifundo cha kidole ukitembea ukutani: penye nguzo sauti ni nzito, pasipo nguzo ni ya ngoma. Weka chaki kila penye uzito na upime kati yake. Pwani ya ziwa, kama Entebbe na Kalangala, upepo hupiga ukuta moja kwa moja, hapo 400 isizidi kabisa.

*Alama ndogo za kupigwa* ni za mpira, boda boda iliyoegeshwa vibaya au mvua ya mawe. Kijazio cha nje cha saruji au epoksi, msasa, rangi. Hakuna zaidi.

*Ufa wa mshazari unaovuka bodi kadhaa*, hasa ukitokea pembe ya dirisha au mlango, hauhusu faiba. Jengo linatembea. Inaweza kuwa msingi uliojengwa juu ya ardhi ya kinamasi iliyojazwa udongo, jambo la kawaida kwenye mabonde ya Kampala, au tetemeko. Magharibi mwa Uganda kuko juu ya Bonde la Ufa: Fort Portal ilitikisika vibaya Februari 1994, na lile la Kagera, Tanzania, la Septemba 2016 lilisikika hadi Rakai. Usizibe ufa wa namna hii. Chora mistari miwili ya penseli kuuvuka, andika tarehe na upana wake, pima tena baada ya wiki mbili. Ukipanuka, au ukiuona pia kwenye plasta ya ndani, au mlango ukaanza kukwama, muite mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kufanya lolote.

Dalili ya 4: viungo vimefunguka

Mara nyingi bodi zilifungwa zikiwa zimelowa. Zilikaa kwenye kiwanja bila turubai, mvua ikazinyeshea, na kesho yake zikapanda ukutani. Bodi ya mita 3.6 iliyolowa inaweza kupungua milimita mbili au zaidi ikikauka, na pengo lote hujitokeza kwenye kiungo. Ndiyo maana bodi hulazwa bapa juu ya mbao, zikiinuliwa kutoka ardhini, zikifunikwa juu huku pembeni pakiachwa hewa. Zibebwe na watu wawili zikisimama kwa ukingo. Zikibebwa bapa huvunjika kwa uzito wake. Bodi kubwa ya milimita 8, ya 1220 kwa 2440, ina kilo 32 hivi.

Chanzo kingine ni silikoni. Fundi huitia kwa sababu ipo kila duka la vifaa, lakini silikoni ya kawaida haishiki rangi na huacha mstari unaong'aa unaokusanya vumbi. Tumia kizibo cha poliyurethani au cha akriliki cha nje kinachopakika. Pengo liwe milimita 3. Kizibo kishike pande mbili tu, kushoto na kulia. Kikishika na mgongo pia, bodi zikivutana kitachanika katikati.

Chanzo cha tatu: kiungo kinaning'inia, hakina nguzo nyuma. Ingiza kisu chembamba kwenye pengo. Kikipita bila kugusa mbao, kizibo chochote utakachotia kitapasuka tena. Hapo hakuna mkato: fungua bodi, ongeza kipande cha nguzo, na nyuma ya kiungo weka ukanda wa bati lililopakwa rangi au wa nailoni nzito wenye upana wa milimita 150, pindo lake la chini likilalia bodi ya chini ili maji yatoke nje. Na viungo vya safu moja visipangane na vya safu iliyofuata. Viachane kwa nafasi ya nguzo mbili.

Dalili ya 5: unyevu unaingia ndani, hasa kuzunguka madirisha

Faiba ni mwavuli, si sufuria. Haikukusudiwa kuzuia kila tone; nyuma yake lazima pawe na utando wa kuzuia maji na nafasi ya milimita 20 hadi 25 inayotengenezwa na papi za wima, iliyo wazi chini na juu, ikiwa na wavu wa kuzuia wadudu. Maji yaliyopenya yateremke humo na kutoka.

Jaribu kwa mpira wa maji, ukianzia chini. Nyunyizia pindo la chini dakika kumi, mtu akiwa ndani na tochi. Kavu? Panda safu chache, tena dakika kumi, hadi ufike juu ya dirisha. Ukianzia juu hutajua maji yaliingia wapi, kwa sababu yatapita kila mahali kwa pamoja.

Mtuhumiwa wa kwanza ni bati la kukinga maji juu ya dirisha. Ama halipo, ama limepachikwa juu ya utando badala ya kuwekwa chini yake, ama fundi mwenye bidii amelizibia. Hili la mwisho linahitaji kusisitizwa: kati ya bodi na bati la juu ya dirisha acha upenyo wa milimita 6 na usiuzibe. Ndio mlango wa kutokea. Ukiona kizibo hapo, kitoe kwa kisu, na mara nyingine unyevu huisha ndani ya mvua mbili tu.

Wa pili ni papi za mlalo. Zikipigwa mlalo bila papi za wima chini yake, kila moja inakuwa bakuli. Wa tatu ni nailoni nyeusi ya msingi iliyotumiwa kama utando wa ukuta: haipumui, na unyevu uliokwisha kuingia haupati njia. Wa nne ni mahali paa la baraza linapokutana na ukuta. Bodi iishie milimita 50 juu ya mabati, na bati la pembeni lipande nyuma yake.

Kurekebisha upenyo na bati ni kazi ya siku moja. Kubadilisha mpangilio wa papi ni kuvua ukuta mzima, na hapo pata makadirio ya fundi angalau wawili. Simama mara moja ukiona maji yakitoka kwenye soketi au swichi, au ukihisi mshtuko ukigusa fremu ya chuma au msumari. Skrubu moja iliyotoboa waya inaweza kuitia umeme fremu nzima. Zima swichi kuu, mwite fundi umeme mwenye leseni.

Dalili ya 6: ukuta una mawimbi, au unagonga upepo ukivuma

Vuta uzi kutoka kona hadi kona. Uzi ukigusa sehemu na kuachana na nyingine, kosa liko kwenye mbao: kalitunsi mbichi hujisokota ikikauka, na bodi huufuata msokoto. Papi zikaushwe kabla, ziwe pana kiasi cha milimita 45 kwenye viungo, na zisawazishwe kwa vipande vyembamba vya mbao kabla bodi haijapanda. Ukuta uliokwisha kufungwa hausawazishwi kwa kukaza misumari; utapasua.

Safu ya chini ikionekana imelala wakati nyingine zimeinama, fundi alisahau ukanda wa kuanzia, kipande chenye unene sawa na wa bodi kinachowekwa chini ya safu ya kwanza.

Kugonga ni misumari iliyolegea au iliyo mifupi. Ndani ya mbao iingie angalau milimita 30. Kwenye fremu ya chuma tumia skrubu za kujitoboa, na nyuzi tatu za skrubu zitokeze upande wa pili wa chuma.

Dalili ya 7: madoa

Nukta ndogo za kahawia zilizotapakaa upande mmoja, kama mtu aliyerusha chai, ni cheche za grainda. Aliyefunga vyuma vya madirisha au geti alikatia karibu, chembe za chuma zikajichoma kwenye rangi, na mvua ya kwanza ikazitia kutu. Piga msasa wa maji taratibu, paka upya. Safari nyingine funika ukuta kwa plaiwudi au magunia yaliyoloweshwa kabla fundi wa vyuma hajawasha mashine.

Michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye misumari inaonyesha misumari isiyo na zinki ya kutosha. Inayotakiwa ni ile iliyotumbukizwa kwenye zinki ya moto. Ni ya kijivu isiyong'aa na uso wake unakwaruza. Inayong'aa kama sarafu mpya imepakwa tu kwa umeme na haifiki mbali.

Unga mweupe ni chokaa ya saruji iliyobebwa nje na maji. Sugua kwa brashi kavu, kisha siki sehemu 1 kwa maji sehemu 4, suuza. Ukirudi, kuna maji nyuma. Rudi dalili ya 5. Asidi ya kusafishia vigae usiikaribishe, inakula saruji yenyewe.

Kijani na meusi upande usiopata jua ni ukungu na mwani. Dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 5, dakika kumi, brashi laini, suuza sana. Kamwe usiichanganye na siki au dawa ya choo, wala kutumia zote mbili siku moja kwenye ukuta mmoja; hutoa gesi ya sumu. Mashine ya kuoshea magari iache huko huko kwa magari: shinikizo lake huingiza maji kwenye viungo na kung'oa rangi.

Kubadilisha bodi moja ya mlalo

Kazi ya watu wawili, saa mbili hivi. Juu ya mita 3 tumia jukwaa thabiti, si ngazi iliyoegeshwa kwenye bodi. Na kama ukuta uko ghorofani, mwachie fundi mwenye jukwaa na mkanda.

Chomeka kabari nyembamba ya mbao chini ya bodi ya juu yake, uinue kiasi cha kupitisha jani la msumeno wa chuma tu. Ukiilazimisha zaidi utakuwa na bodi mbili za kubadilisha. Kata misumari ya bodi mbovu, ivute chini. Kagua utando na mbao, ziba matundu ya utando kwa utepe wake. Kata bodi mpya ikiwa fupi kwa milimita 3 kila upande, paka kingo zote nne na ziache zikauke. Iingize chini ya bodi ya juu ikilaliwa kwa milimita 30, kisha pigilia misumari ya zinki usoni, milimita 20 juu ya pindo la chini, kwenye kila nguzo. Ziba pande, gusa kofia kwa rangi.

Ukihesabu kwa ukuta mzima: bodi ya upana wa milimita 210 ikilaliwa 30 inaonyesha 180, kwa hiyo ya mita 3.6 inafunika mita za mraba 0.65. Ukuta wa mita 6 kwa 3 unahitaji bodi 28, ongeza asilimia 10 za kuvunjika, ziwe 31. Nunua mbili nyingine za toleo hilohilo, zilaze bapa juu ya dari ya stoo pamoja na robo lita ya rangi iliyofungwa vizuri, na uandike namba ya rangi hiyo kwenye kopo kwa kalamu isiyofutika.